Sauti ya Nyuma ya Khanga

Watu wa Burenga, kijiji cha wavuvi na wakulima kupita Suguti, walimwita Dafroza "Redio". Aliyempa jina hilo alikuwa baba mkwe wake, mzee Masatu, mtu ambaye katika miaka yote ya ndoa ile hakuwa amewahi kusemezana naye uso kwa uso.

Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima pale ilikuwa na kanuni zake. Mke wa mwana hapiti mbele ya baba mkwe. Hali chakula mahali anapoonekana naye. Hapazi sauti akiwa karibu, wala halitaji jina lake hata kwa bahati mbaya. Akiwa na neno, anampelekea mama mkwe, na mama mkwe ndiye atakayelifikisha. Akikosea kwa kusahau, anapeleka jogoo na mambo yanaisha. Akikosea kwa makusudi mbele ya watu, anarudishwa kwao. Ng'ombe wa mahari wanaanza kuzungumzwa, na watoto wanabaki.

Dafroza alikuwa na mtoto mmoja, Rafaeli, wa miaka saba. Mumewe Alfonce alikuwa Musoma, katika moja ya viwanda vilivyofunguliwa baada ya serikali kuachia biashara, akichuna minofu ya sangara iliyopelekwa Ulaya. Mwisho wa mwezi alikuja na mfuko wa mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa yanayobaki minofu ikishaondoka, akalala mara mbili, akarudi. Siku nyingine zote Dafroza aliishi uani kwa wakwe zake, na nafasi yake pale ilisimama juu ya kanuni zile.

Sinema ndiyo iliyompa mdomo.

Ilikuja mwishoni mwa mwaka tisini na saba, wakati mvua za El Nino zimeshaanza kubomoa barabara. Felisian, katekista wa parokia, alifika na televisheni, deki, jenereta na kanda moja ya video aliyopewa na masista. Mpango ulikuwa kuonyesha sinema ya familia katika kila kigango, kanisa dogo la kijiji, kisha kuzungumza juu ya utunzaji wa viumbe vya Mungu. Tatizo lilikuwa moja: sinema ilisema Kiingereza. Felisian mwenyewe alikijua cha kusoma polepole, na watu wa kwenye televisheni hawakuwa na polepole. Mwalimu mkuu alisema ana malaria. Mtu pekee kijijini aliyemaliza kidato cha nne kwa masista, na aliyekuwa bado anasoma chochote kilichofungiwa sabuni, alikuwa mkwe wa mwenyekiti wa kigango. Mwenyekiti wa kigango alikuwa mzee Masatu.

Wazee walitazama chini. Mwanamke yule angesimamaje mbele ya baba mkwe wake na kupiga kelele saa nzima na zaidi?

Mzee Masatu alifikiri, akasafisha koo.

"Mtundikieni khanga pembeni ya hiyo televisheni," alisema. "Aliye nyuma ya khanga si mkwe wa mtu. Ni redio. Redio inasema mbele ya yeyote."

Watu walicheka, khanga ikatundikwa kanisani, na Dafroza akasimama nyuma yake. Kutoka pale aliiona televisheni kwa ubavu, na kwa upande mwingine aliuona mlango mdogo wa kanisa uliotazama jikoni. Watu hawakumwona. Alianza kwa sauti ndogo. Sinema ilipofika katikati alikuwa akizungumza kama babu, kama mama, kama mtoto, na wanawake kwenye mabenchi walikuwa wakijibu.

Hadithi yenyewe ilikuwa rahisi. Familia moja ya nchi ya mbali inahamia shambani kwa babu. Binti mdogo anafuga bata. Babu ana miti ya matunda na dawa ya kunyunyizia, na mapipa ya dawa ameyapanga juu ya kijito. Pipa linavuja. Samaki wanaelea, ndege wanaanguka, bata wa binti anaugua. Babu anapiga magoti kwenye matope, ameshika kofia, na muziki unapigwa muda mrefu bila mtu kusema. Baadaye familia nzima inasafisha kijito na kupanda miti kingoni, na bata anapona.

Sinema ilipoisha Felisian alisimama na kueleza. Mwanadamu aliwekwa bustanini alime na atunze, si auze lango. Shamba ni la Mungu, ziwa ni la Mungu, sisi ni vibarua, na kibarua atadaiwa jembe alilopewa. Kisha akauliza swali ambalo alikuwa akiuliza kila kigango: "Sasa, tumejifunza nini?"

Bibi mmoja alisema wamejifunza kwamba wazee wawasikilize watoto. Mwingine akasema watu wa kule wana mkate mwingi. Halafu sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Tumejifunza kwamba dawa ya pamba ikiingia majini, samaki wanakujaga wenyewe. Huna haja ya nyavu."

Kanisa zima lilicheka. Hata Felisian alitabasamu. Aliyesema alikuwa Boniphace, mdogo wake Alfonce, kijana anayesimamia mtumbwi wa mzee Masatu.

Nyuma ya khanga Dafroza hakucheka. Sinema haikusema dawa ya pamba. Ilitaja jina refu ambalo hakuwahi kulisikia, na kwa kuwa maneno mengine yalikuwa yanakimbia, alichukua lile ambalo kila mtu pale angelielewa. Alizaliwa Mugeta, upande wa Bunda, katika nyumba ya mkulima wa pamba. Baba yake, mzee Keraryo, alibeba bomba mgongoni kila msimu, na shati lake la kunyunyizia lilitundikwa nje, mbali na watoto. Enzi za chama cha ushirika dawa ililetwa kwa lori na bwana shamba aliipima mwenyewe. Chama kilipokufa na kila mtu akaruhusiwa kuuza anachotaka, dawa ilihamia kwenye meza za mnada, ndani ya chupa za soda, bila karatasi wala maelezo. Aliyetaka alinunua.

Alijiambia Boniphace anatania. Boniphace alikuwa mtu wa utani.

Mvua zikapita, na kufikia Juni mwaka uliofuata sinema ilikuwa imezunguka vigango vyote na kurudi. Safari hii Felisian angekuja na wageni, familia kutoka Musoma na Butiama, kwa Jumapili ya familia. Ibada ya asubuhi, sinema mchana, kisha chakula. Mzee Masatu alisimama kanisani na kusema samaki watatoka kwenye mtumbwi wake. Alisema mara moja tu, na alipoketi alinyoosha mgongo.

Jumapili ile asubuhi Boniphace alitua na samaki wengi kuliko ilivyokuwa kawaida ya majira yale: sato wakubwa na sangara kadhaa, tayari wamepasuliwa na kutolewa utumbo. Waliwekwa kwenye majani ya migomba nyuma ya kanisa, karibu na mafiga. Mama mkwe, Mama Ursula, ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko.

Dafroza alileta maji. Alitua ndoo, akainama kuchukua samaki wa kwanza wa kumpara magamba, na mkono ukasimama hewani.

Hakukuwa na nzi.

Mahali pale, asubuhi ya jua, samaki waliopasuliwa hufunikwa na nzi kabla hujamaliza kunoa kisu. Watoto hupewa matawi ya kuwafukuza. Sasa matawi yalikuwa chini, na watoto walikuwa wanacheza. Akamnusa samaki chini ya pezi. Harufu ya ziwa ilikuwepo, na chini yake nyingine, hafifu, ambayo pua yake iliijua kabla yeye mwenyewe hajaipa jina. Ilikuwa harufu ya shati la baba yake.

"Mama," alisema, "hawa samaki hawana nzi."

Mama Ursula hakuinua kichwa. "Moshi."

"Moshi unaenda ule upande."

"Sasa unataka nzi? Wengine wanaombaga Mungu awaondolee nzi, wewe unawatafuta." Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu walicheka. "Mama Rafaeli, wewe wa Mugeta. Ng'ombe unawajua, hatukatai. Samaki tuachie."

"Mama, nasikia harufu ya dawa."

Kicheko kikakatika. Mama Ursula aliweka kisu chini na kumtazama.

"Unajua samaki hawa ni wa nani?"

"Najua."

"Walitolewa na nani, mbele ya nani?"

Jibu lilikuwa jina ambalo Dafroza hakuruhusiwa kulitamka.

"Basi," alisema Mama Ursula kwa sauti ya chini. "Neno hilo usilirudie. Wageni wako njiani. Moto unaua kila kitu."

Dafroza alimkuta Boniphace ufukweni, akisuuza mtumbwi. Alikuwa akiusuuza kwa mchanga, mara ya pili.

"Shemeji Boni. Hawa samaki umewavua kwa kitu gani?"

"Kwa nyavu, shemeji. Kwani wewe huko kwenu mnavuaga kwa fimbo?"

"Hawana nzi."

"Umeanza kuwa nzi siku hizi?" Alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mtumbwi. "Nenda ukapike. Utumbo umetolewa, watapikwa vizuri, haina neno."

"Haina neno nini?"

"Haina neno, nimesema."

Alitupa konzi ya mchanga ndani ya mtumbwi na kuendelea kusugua. Juu kidogo ya maji, pale utumbo ulipomwagwa, bata wa Mama Ursula walikuwa wanagombania.

Aliyebaki wa kuambiwa alikuwa Felisian. Lakini gari la wageni lilikwama mtoni na kufika limechelewa. Ibada ikaanza palepale, na ilipokwisha Felisian alitoka sakristia akiwa kati ya mzee Masatu na wazee wawili, kila mmoja akiwa na jambo la kumweleza. Kumwita pembeni kulihitaji Dafroza apite mbele ya baba mkwe. Alisimama kando ya ukuta akisubiri wazee wapungue. Hawakupungua. Jenereta likanguruma, madirisha yakazibwa kwa magunia, na mtu akasema, "Redio aingie."

Chakula kingepakuliwa sinema ikiisha. Hilo kila mtu alilijua. Sufuria zilikuwa zinachemka nje ya mlango mdogo, na kwa kuwa Dafroza aliijua kanda ile kwa moyo, alijua pia muda alionao: safari ya kuhamia shambani, bata, mapipa, matope, kusafisha kijito, kupanda miti. Miti ikishapandwa, sahani zinaingia. Watoto ndio wangepewa kwanza. Rafaeli alikuwa ameketi sakafuni mstari wa mbele, miguu imekunjwa, mdomo wazi.

Alianza kutafsiri. Familia ikafika kwa babu. Watu wakacheka pale pale walipocheka mwaka uliopita. Ndani ya kichwa chake alikuwa akipima. Huenda amekosea. Huenda ni moshi kweli. Akisema na ikawa si kweli, atakuwa amemwita baba mkwe wake mlisha sumu, mbele ya wageni, ndani ya nyumba ya Mungu. Hakuna jogoo wa kulipa hilo.

Akajaribu njia ya kuzunguka. Kwenye televisheni binti alikuwa mezani na babu, akimwambia kwamba bata wake anapenda mkate. Dafroza alilisema hilo, kisha akaongeza kwa sauti ileile ya kitoto:

"Babu, mbona samaki wetu hawana nzi?"

Kisha mtu akasema, "Samaki yupi? Mimi naona mkate."

"Redio imeshika stesheni nyingine," mwingine akajibu, na kicheko kikapita mabenchi.

Felisian aligeuka kuitazama khanga. Mzee Masatu, kwenye kiti chake cha mbele, hakugeuka. Fimbo ilikuwa kati ya magoti, mikono juu yake. Boniphace alikuwa amesimama nyuma karibu na jenereta, na wala hakucheka.

Dafroza akarudi kwenye sinema. Alitafsiri vizuri, neno kwa neno, kwa sababu sauti yake ilikuwa inataka kutetemeka na maneno ya watu wengine yaliishikilia. Babu akapandisha pipa la mwisho. Pipa likaanza kuvuja. Ndipo alipotazama mlango mdogo.

Bata mmoja alikuwa amepanda kutoka ziwani. Alikuja akitembea kwa upande, kama mtu anayebeba mzigo kwa bega moja. Alizunguka mara moja mbele ya kizingiti, shingo imepinda nyuma, akaketi. Kisha akalala ubavu, na mguu mmoja ukawa unapiga hewa. Mguu ukatulia. Jikoni hakuna aliyemwona. Walikuwa wanapanga sahani.

Kwenye televisheni babu alikuwa amepiga magoti kwenye matope. Muziki ulikuwa unapigwa. Hapo ndipo Redio hupumzika; watu walijua, wengine walikuwa tayari wanafuta macho. Midomo yote kwenye sinema ilikuwa imefungwa.

Sauti ikatoka nyuma ya khanga.

"Samaki walioko jikoni wasiliwe."

Vichwa viliinuka.

"Wana dawa ya pamba. Bata amekula utumbo wao, amekufa hapa mlangoni. Watoto wasipewe."

Muziki uliendelea. Babu wa sinema alikuwa bado ameshika kofia yake. Mgeni mmoja kutoka Musoma alimuuliza jirani yake kama hiyo nayo ni sehemu ya mafundisho.

Mzee Masatu alisimama.

"Zima."

Televisheni ikazimwa. Jenereta liliachwa lingurume peke yake.

"Katekista," alisema mzee, bila kupandisha sauti. "Wewe Kiingereza unakisoma. Maneno hayo yamo kwenye sinema?"

Felisian alikuwa na nafasi ya kusema yamo. Dafroza aliisikia nafasi hiyo, ndefu, na nusu ya moyo wake iliomba aitumie. Lakini yakiwa ya sinema, samaki nao ni wa sinema, na sahani zitaingia.

"Hapo hakuna anayesema, mzee," Felisian alijibu. "Ni muziki tu."

Mzee aliigeukia khanga. Hakuruhusiwa kumsemesha aliye nyuma yake, na hakumsemesha. Aliisemesha khanga.

"Redio. Maneno hayo yametoka wapi?"

"Kwangu, baba."

Mwanamke mmoja alivuta pumzi kwa meno. Ilikuwa mara ya kwanza Dafroza kumjibu, na kila mtu mzima mle ndani alijua uzito wake. Mama Ursula, aliyekuwa ameingia na beseni la kunawia, alilishusha sakafuni polepole.

Mzee Masatu alitoka kwa mlango mdogo. Ilimlazimu kupita karibu na khanga, na Dafroza alijibana ukutani, uso umegeukia matofali, hadi hatua zake zilipopita. Watu walimfuata. Alimgeuza bata kwa ncha ya fimbo, akamtazama. Akaenda kwenye majani ya migomba, palipobaki samaki wachache wasiopikwa, akasimama juu yao kwa muda. Jua lilikuwa kali. Hakuna kilichotua.

"Boniphace."

Kijana alikuja. Mzee alikuwa ameshachukua mwiko na kutoa kipande cha sato kutoka kwenye sufuria, kinatoa mvuke. Akakiweka kwenye sahani.

"Kula."

"Baba, nimefunga."

"Leo Jumapili. Nani anafunga Jumapili?"

"Tumbo linanisumbua tangu jana."

"Samaki wa kwako mwenyewe. Supu inatibu tumbo. Kula."

Boniphace alitazama sahani, akatazama miguu yake. Mikono ilibaki pembeni. Wageni walikuwa wamefika kwenye kona ya kanisa na kusimama hapo, kama watu waliokuta ugomvi wa familia na hawajui waondoke au wasalimie.

"Basi nitakula mimi," alisema mzee Masatu. "Samaki nimewatoa mimi."

Alimega kwa vidole na kuinua mkono. Haukuwa mchezo; Mama Ursula, aliyemjua kuliko wote, alipiga hatua kumwendea. Kipande kilikuwa kinagusa midomo Boniphace aliporuka na kuupiga mkono wa baba yake. Samaki akaangukia majivu.

"Usile, baba," alisema. "Usile."

Mtoto aliyempiga baba yake alibaki amesimama mbele yake, akihema, na viganja vyake vikawa vinajifuta kwenye suruali, tena na tena.

"Ulinunua wapi?"

"Mnada wa Bunda. Kila mtu ananunua. Wavuvi wa mialo mingine wanatumiaga, na wenye magari ya barafu hawaulizi. Nilijua tukitoa utumbo..."

"Nani alikufundisha?"

Boniphace aliinua macho na kutazama mlango mdogo wa kanisa, pale ncha ya khanga ilipokuwa inaonekana. Dafroza alikuwa nyuma yake na alisikia. Alingoja atajwe, na kwa haki angetajwa. Lakini kijana alitikisa kichwa.

"Hakuna," alisema. "Ni mimi."

Sufuria zilibebwa juu ya kilima, mbali na maji. Boniphace alichimba shimo, mzee Masatu akasimama juu yake, na kila kijana alipotaka kupumzika aliambiwa, "Bado." Samaki wote waliingia humo, wabichi na waliopikwa, na bata, na baadaye bata wengine watatu waliookotwa majanini. Sufuria zenyewe zilitobolewa kwa shoka na kuzikwa, Mama Ursula akitazama bila kusema, ingawa mbili zilikuwa za mama yake.

Wageni walikula ugali kwa mtindi na kunde zilizoletwa kutoka nyumba tatu tofauti. Walipomaliza Felisian alisimama, akafungua mdomo kuuliza swali lake.

"Katekista," alisema mzee Masatu, "leo usiulize."

Felisian akaketi.

Jioni Dafroza alikunja nguo zake kwenye mfuko wa salfeti na nguo za Rafaeli akaziacha zilipokuwa. Alizikunja taratibu, bila kulia, kama mtu anayesafisha nyumba ya kupanga. Kijijini maneno yalikuwa yamegawanyika. Wapo waliosema ameokoa watu. Wapo waliosema kuokoa watu kuna njia yake, na mwanamke anayemjibu baba mkwe mbele ya wageni kesho atampanda kichwani. Hata waliomshukuru hawakuja kukaa naye.

Mama Ursula aliingia bila kubisha. Aliuona mfuko, akaukwepa kama vile ni jiwe njiani, akaketi kwenye kitanda.

"Mzee amesema majogoo mawili," alisema. "Moja la Boniphace, kwa ule mkono. Moja la kwako, kwa ule mdomo."

"Ndiyo, mama."

"La Boniphace amesema liwe kubwa, lile lenye mkia mwekundu. La kwako amesema lolote litatosha. Hata kifaranga kilichoota manyoya." Alinyoosha shuka kwa kiganja. "Na mtumbwi umepandishwa juu. Boniphace hashuki nao majini hadi mzee atakaposema, na sioni kama atasema mwaka huu. Tutakula mapanki ya mume wako mpaka tuote mifupa."

Kisha akatoa kitu kutoka kwapani. Ilikuwa khanga, imekunjwa.

"Hii imeingia moshi. Amesema ifuliwe. Felisian anarudi Agosti."

Dafroza aliipokea. Mama mkwe alisimama, akafika mlangoni, akageuka.

"Ile harufu," alisema. "Nami niliisikia. Nilisema ni moshi kwa sababu nilitaka iwe moshi." Akatoka.

Jogoo wa Dafroza alipelekwa kesho yake, na mzee Masatu akamla, ndani, peke yake, kama kanuni inavyotaka. Hakumsemesha tena, wala yeye hakumsemesha. Dafroza alipita nyuma ya nyumba, alinyamaza akiwa karibu, na jina la mzee halikutoka kinywani mwake.

Mwezi wa Agosti khanga ilitundikwa mahali pake. Boniphace alikuwa kwenye jenereta. Familia ikahamia kwa babu, bata akala mkate, babu akapandisha mapipa juu ya kijito, na mama wa binti akalitaja kwa Kiingereza lile jina refu la kilichomo ndani.

Nyuma ya khanga Redio haikusema tena dawa ya pamba.

"Sumu," ilisema. "Babu, hiyo ni sumu."

Hakuna aliyecheka. Kwenye kiti cha mbele mzee Masatu alisafisha koo, na sinema ikaendelea.